Mvua ya Yeriko

Mtu akisema mbele yangu kwamba jembe halisemi uongo, namtazama tu, nabadilisha mazungumzo. Sina nguvu tena za kugombana. Lakini moyoni namwambia: wewe hujaona jembe likipelekwa mahali penye ukweli, likarudi tupu, kisha serikali ikaandika kwamba ukweli wenyewe haukuwapo. Mimi nililiona. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza kanisani kwetu, safari ya nusu siku kwa miguu kutoka Njombe ukielekea Makambako. Zilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla kwisha. Mchungaji wetu, mzungu aliyeletwa na misheni baada ya vita hivyo, alikuwa ametumiwa kutoka kwao taa ya kuonyeshea picha. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alituomba tusiondoke. Wazee wa kanisa wakaziba madirisha kwa mablanketi na mikeka, na baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti wa pale, akatundika shuka jeupe ukutani nyuma ya madhabahu.

Taa ikawashwa, na juu ya shuka kikatokea kilima cha udongo mkavu kilichopasuliwa katikati kwa mtaro mrefu. Wanaume waliovaa kanzu walikuwa wakibeba vikapu vya udongo. Mchungaji akasema, "Hii ndiyo Yeriko." Watu waliguna kanisa zima. Sisi Yeriko tuliijua kama mahali pa kwenye Kitabu, hatukudhani kwamba ni mahali ambapo mtu anaweza kubeba kikapu. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza kwa Kibena kama wale wenye kanzu ni Waisraeli au ndio Wakanaani wenyewe, akanyamazishwa.

Mchungaji alinyoosha fimbo yake akaonyesha rundo la matofali ya udongo. Hizo, alisema, ndizo kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua. Kwa miaka mingi wasomi wa Ulaya walikuwa wamezicheka habari za Waebrania, wakiziita ngano za wachunga mbuzi. Sasa watu wamekwenda kuchimba, na ukuta wameukuta chini, kama ilivyoandikwa. "Jembe halisemi uongo," alisema.

Baba alikuwa benchi la mbele. Nilimwona akifuta machozi kwa kiganja, wala hakujificha.

Ili uelewe machozi yale, inabidi nikueleze habari ya mawe. Katika habari zote za Yoshua, baba hakuipenda ile ya kuta. Aliipenda ile ya mto. Waisraeli wanavuka Yordani maji yakiwa yamesimama, na kila kabila linaokota jiwe moja katikati ya mto, linalipeleka kambini na kulisimika, ili watoto wa kesho wakiuliza mawe yale ni ya nini, waambiwe. Baba aliihubiri habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka alipofika kwenye watoto wanaouliza, sauti ilimkatika. Waumini walisema Roho amemshukia. Mimi mwanawe nilijua ni kitu kingine.

Ukoo wetu ulikaa juu ya kilima kirefu ng'ambo ya bonde, ukilitazama kanisa. Na ukoo wetu ulikuwa na desturi yake. Mzee akifa, wanawe walishuka mtoni, wakachagua jiwe lililolainishwa na maji, wakalipandisha kilimani kwa mabega na kulilaza kichwani pa kaburi. Kilima chetu ni udongo mwekundu mtupu, huwezi kukuta jiwe la namna hiyo isipokuwa limebebwa na mtu. Kwa hiyo mawe yale yalikuwa ndiyo hesabu yetu ya wazee. Katikati yake lilikuwapo jiwe moja pana, lenye kishimo juu kilichochongeka kwa kutumiwa, la yule babu wa kwanza aliyefika pale. Kabla ya kula ulezi mpya, watu walimimina pombe katika kile kishimo, wakamsalimia. Wamisionari wa mwanzo walipokuja na habari ya Yoshua na mawe yake, wazee wetu hawakushangaa hata kidogo. Waliuliza tu hao Waisraeli ni ukoo gani wa Wabena.

Baba alibatizwa kijana, kabla ya vita, na aliokoka kwa moto. Kanisa lilikuwa ndiyo kwanza linajengwa, na mchungaji wa wakati ule alikuwa amewafundisha vijana habari ya Gideoni, aliyeibomoa madhabahu ya baba yake mwenyewe na kumjengea Mungu nyingine. Msingi ulihitaji mawe. Mtu mmoja akasema, kwani mawe si yale pale juu kilimani? Baba hakuwahi kukana kwamba mtu huyo alikuwa yeye.

Waliyashusha yote, huku wakiimba. Mawe ya makaburi yaliingia kwenye msingi, yakapigwa lipu na chokaa juu. Lile pana likawekwa kuwa kizingiti cha mlango mkubwa, na kishimo chake kikageuzwa chini ili mtu asikumbuke lilikuwa la kazi gani. Sisi watoto tulipoanza kwenda shule ya Jumapili, baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha kufuta miguu juu yake kabla ya kuingia.

Kaka yake, yaani baba mkubwa, ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Siku ile ya kushusha mawe alikwenda akakaa chini katikati ya njia. Hakutukana, hakunyanyua fimbo. Vijana wakamzunguka na mawe yao mabegani kama maji yanavyozunguka kisiki, na baba yangu akiwa mmoja wao. Walikaa miaka bila kusemezana. Walipatana mimi nikiwa msichana mkubwa, baba mkubwa alipokubali kubatizwa, lakini habari ya mawe hakuna aliyeigusa.

Sasa ndipo ikaja kampuni ya miwati. Muwati ni mti wa kigeni, gome lake linatumika kutengenezea ngozi za wanyama, nao unapenda baridi na ukungu, na baridi na ukungu ndiyo mali yetu. Kampuni ilizunguka, ikapima, ikakipenda kilima chetu. Serikali nayo ilikuwa na sheria yake: ardhi isiyo na mwenyewe hutolewa. Kampuni ikadai kwamba sisi ni watu wa juzi, tulioifuata barabara ilipopita. Sisi tukasema tuko pale tangu babu wa babu. Bwana Shauri wa Njombe, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza, akasema vizuri, mtu anayesema hivyo aonyeshe.

Sitamsingizia. Bwana Shauri hakuwa mtu katili, na ubaya wake ulikuwa ni huohuo, kwamba hukupata pa kumchukia. Alimsikiliza baba mkubwa mchana kutwa pale bomani, akihesabu wazee wake mmoja baada ya mwingine, huyu kamzaa huyu, huyu akafia wapi, akalazwa wapi. Alipomaliza, Bwana Shauri akasema habari hiyo ni nzuri, lakini ni masimulizi. Masimulizi mtu hujitungia. Alikuwa na rafiki yake, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyekuwa akipita kuelekea kusini. Atamwomba asimame siku chache, achimbe pale kilimani na kuandika alichokiona. Kama wazee wako ndani ya ardhi, ardhi yenyewe itasema.

Baba alirudi nyumbani amefurahi. Nakumbuka alivyosugua mikono yake mbele ya moto, akisema, "Mwanangu, jembe linakuja." Alikuwa anaiona Yeriko kwenye shuka. Nilitaka kumuuliza jembe litakuta nini wakati mawe yamo kanisani, lakini furaha ya baba ilikuwa adimu sana na sikutaka kuwa mimi wa kuizima.

Mimi nilikuwa nimeshatoka chuo cha ualimu cha misheni, nafundisha darasa la kwanza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini hapakuwa na mwingine upande wetu. Basi nikawa mkalimani wa mchimbaji.

Alikuwa mwembamba, mwenye mafua yasiyoisha, amevaa sweta mbili moja juu ya nyingine na bado akitetemeka. Alikuwa na adabu. Alijifunza kusema "kamwene" siku ya kwanza tu, akamsalimia kila aliyepita, hata watoto. Baba mkubwa alimzungusha kilimani akimwonyesha: hapa amelala fulani, hapa mwanawe, hapa yule aliyekufa kwa kuchomwa mkuki. Mchimbaji alinyoosha kamba, akapiga vigingi, vijana wetu wakachimba kwa taratibu alizowaagiza, wakikwangua udongo kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Yakatoka majivu, na mkaa, na vigae vya vyungu. Baba alivishika vigae vile kwa mikono miwili. Mchimbaji akavigeuzageuza, akaniambia niwaeleze wazee kwamba vyungu hivyo ni sawasawa na vile ambavyo Wakisi wanaleta kutoka ziwani hadi leo na kuviuza gulioni. Kwa sura tu hawezi kujua hiki kilivunjika zamani za babu au mwaka jana. Kama angeona mifupa, alisema, ndipo angekuwa na la kuandika.

Nilitafsiri. Baba mkubwa alijaza ugoro puani. Kisha akaniambia, "Muulize huyu Bwana. Nikimwonyesha mifupa ya baba yangu, ndipo ataamini kwamba nilikuwa na baba?"

Nilimwambia. Mchimbaji aliona haya, uso ukamwiva mpaka masikioni. Hakuomba tena mifupa, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Akauliza kitu kingine: wazee walisema bomani kwamba kila kaburi lina jiwe la mtoni. Hilo lingekuwa jambo kubwa, kwa sababu mawe ya mtoni hayapandi mlima yenyewe. Yako wapi?

Baba mkubwa alitazama ng'ambo ya bonde, kwenye kanisa, kisha akamtazama mdogo wake. Ndivyo alivyomlipa. Baba yangu alisimama pale na kofia yake mkononi, mtu mzima, mwinjilisti.

"Mwambie yako kanisani," aliniambia. "Mwambie niliyapeleka mimi."

Tukateremka bondeni, baba mbele, mchimbaji katikati, mimi nyuma. Mchungaji alituona akatoka barazani kwake amechangamka, maana wageni wa kuzungumza nao lugha za kwao walikuwa wachache. Alipojua kwamba mgeni amewahi kuchimba Palestina, alimshika mkono kabisa. Tukakaribishwa chai. Mimi nilipewa kiti kwa sababu ya ukalimani. Baba alibaki amesimama kwenye ngazi ya baraza, kama walivyosimama siku zote wainjilisti mbele ya wachungaji.

Mchungaji hakuuliza habari za kilima chetu. Aliuliza habari za Yeriko. Alitaka kujua kama mgeni ameziona zile kuta.

Mchimbaji akapuliza chai yake, akasema ameziona. Kisha akasema, pole pole, kama mtu anayeleta habari za msiba, kwamba sasa kuna watu wanaochimba upya pale, wenye ujuzi kuliko wale wa kwanza, na wanaanza kusema zile kuta si za Yoshua. Ni kongwe kuliko Yoshua kwa muda mrefu mno. Zilianguka, zikafunikwa, zikasahauliwa, Yoshua hajazaliwa. Na kwa ule wakati ambao Yoshua anadhaniwa kufika, hawaoni mji wa maana, wala ukuta wa kuanguka.

Mchungaji aliweka kikombe chini. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile, na hata siku ile alikasirika kwa upole. Alisema kutokuona kitu si ushahidi kwamba kitu hakikuwapo. Kilima cha Yeriko kimekaa wazi miaka elfu na elfu. Nyumba ni za udongo, na mvua inanyesha. Mvua imeuosha mji wa Yoshua ukashuka na maji, ndiyo sababu hawauoni. Lakini habari yake imehifadhiwa na watu wake, baba akimwambia mwana, na mwana akimwambia mwanawe, na habari iliyohifadhiwa namna hiyo ni ushahidi tosha kwa mtu mwenye moyo wa kusikia.

Mchimbaji alikubali kwa kichwa. Alisema ni kweli, mvua huweza kufanya hivyo. Sikujua kama aliamini au alikuwa anamheshimu mwenye chai.

"Wanasema nini?" baba aliniuliza kwa Kibena kutoka kwenye ngazi.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ya kuta, na ya mvua, na ya baba kumwambia mwana. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliniomba nirudie mahali pa mvua, nikarudia.

Kisha baba akapanda ngazi, akasimama mbele ya meza, akasema kwa Kiswahili safi cha mimbarini, "Mchungaji, naomba ruhusa. Kizingiti cha kanisa ni jiwe la babu yetu. Chini yake kuna kishimo cha kutambikia. Naomba tulinyanyue Bwana huyu alione, na tubandue lipu kidogo kwenye msingi aone mawe mengine. Tutarudisha kila kitu leo hii hii."

Mchungaji alisema hapana. Alisema kwa huruma, nadhani. Alisema amekwisha kusikia habari ya mawe yale kwa wazee wa kanisa, na alikuwa anaomba Mungu isisikike zaidi. "Nikilinyanyua leo mbele ya watu," alisema, "kesho nitakuta pombe imemwagwa mlangoni pa kanisa. Wengi wenu bado ni wachanga. Nyumba ya Mungu haifukuliwi."

"Mimi ndiye niliyeligeuza, Mchungaji," baba alisema. "Naomba niligeuze tena."

Mchungaji alitikisa kichwa. Baba akanigeukia, akaniambia nimwombe mchimbaji amsemee. Nilimwomba kwa Kiingereza kibovu, machozi yakinilenga. Mchimbaji alitazama kikombe chake. Alisema anasikitika, lakini hata kama lingenyanyuliwa lisingesaidia sana. Jiwe likiwa mahali pake lina habari. Likishatolewa mahali pake, likapelekwa kwingine, ni jiwe tu. Nani atathibitisha lilitoka wapi?

Hilo nalo ilinibidi nimtafsirie baba. Nimetafsiri mengi katika maisha yangu, barua za serikali, hukumu, hata maneno ya daktari kwa mtu asiyepona. Sijatafsiri sentensi nyingine iliyonichoma kama ile. Nilimwambia baba yangu, mimi mwanawe, kwa lugha aliyonifundisha yeye, kwamba siku alipoyabeba mawe yale kwa nyimbo, aliwaua wazee wake mara ya pili. Sikutumia maneno hayo, lakini ndiyo aliyoyasikia.

Baraza lilifanyika Makambako, pale njia panda, siku ya manyunyu. Ukoo mzima ulikwenda kwa miguu. Bwana Shauri aliketi mezani chini ya turubai, na karani wa boma, Mbena mwenzetu, amesimama kando. Mchungaji alikuja na gari lake kwa sababu baba alimwomba aje kutushuhudia. Alisimama, akasema sisi ni Wakristo wema na wakulima hodari, akaiomba serikali itupatie mahali pengine pazuri. Habari ya mawe hakuisema, akakaa.

Bwana Shauri akasoma alichoandika mtaalamu. Vigae vichache visivyojulikana umri. Majivu. Hakuna kaburi lililothibitika, hakuna alama ya makazi ya muda mrefu. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma tangazo la mnada wa ng'ombe. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kusema.

Baba akasimama. Alikuwa amehubiri kwa Kiswahili maisha yake yote, na siku ile alisema Kibena. Alimtazama mchungaji, hakumtazama Bwana Shauri.

"Mvua ya Yeriko," alisema, "hata kwetu inanyesha."

Akakaa. Watu wetu walitazamana, hawakuelewa, isipokuwa mimi, na mchungaji aliyekuwa amekijua Kibena vizuri kuliko wazungu wote waliowahi kupita pale. Aliinamisha uso akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Anasema nini?" Bwana Shauri aliuliza.

Karani alijikuna sikio. "Anasema kwao mvua ni nyingi, Bwana."

Bwana Shauri akatabasamu kwa wema. "Ndiyo maana kampuni inapapenda," alisema.

Basi, ikawa hivyo. Ukoo ukapewa ardhi kule chini, upande wa kwenda Ilembula, penye joto na vumbi, ambako mbegu zetu za baridi hazikuota. Walihama na kuku, na magunia ya ulezi, na milango ya nyumba. Baba mkubwa alitembea mwenyewe, hakukubali kupanda lori la kampuni. Hakumaliza mwaka. Alipozikwa, wanawe walitafuta mto wa kushukia, wakakuta kijito kilichokauka, wakaokota jiwe la njiani. Mchungaji alikuja na gari siku ya kuhama, akasaidia kupakia wazee. Watu walimshukuru sana. Mimi nilimpa mkono kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule yake.

Baba hakuhama. Mwinjilisti anakaa nyumba ya kanisa. Kwa hiyo akabaki ng'ambo ya bonde, kila asubuhi akifungua mlango na kukiona kilima kikilimwa kwa trekta, kisha kikisimikwa miche mistari mistari, mpaka kikawa msitu mweusi mmoja usio na njia ninayoijua. Aliendelea kuhubiri. Habari ya mawe ya Yordani hakuihubiri tena.

Kulikuwa na jambo ambalo lilinitia uchungu kupita kuhama kwenyewe. Mwaka uliofuata mchungaji alituambia tubaki baada ya ibada. Madirisha yakazibwa, taa ikawashwa, na kilima kilekile kikatokea juu ya shuka lilelile, na wanaume walewale na vikapu vyao. Fimbo ikaonyesha ukuta. Nilidhani atasema ukweli, maana alikuwa ameujua kwa masikio yake, tena kwa chai yake mwenyewe. Akasema hizo ndizo kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua, na jembe halisemi uongo. Aliyetundika shuka alikuwa baba.

Watu wakinisikia nasema hivi hudhani nimeacha dini. Sijaacha. Sijui kama kuta zilianguka, na sijali. Mtu anaweza kuomba bila kujua habari ya matofali. Ninachokasirikia ni mizani. Waebrania waliambiwa simulieni tu, mkikosa ushahidi tutasingizia mvua. Sisi tuliambiwa leteni mifupa.

Tangu siku ile ya baraza, baba hakupita tena mlango mkubwa wa kanisa. Ubavuni, karibu na madhabahu, kulikuwa na mlango mdogo wa kuingizia mafuta ya taa na fagio, akawa anaingilia huo na kutokea huo. Wakati wa masika alizunguka kanisa zima kwenye matope ili aufikie. Waumini walisema mwinjilisti wetu amejaa unyenyekevu, haingii hata kwa mlango wa wakubwa. Mchungaji alimtolea mfano kwenye mahubiri. Mimi nilikaa kimya, na baba alikaa kimya, na kila Jumapili watoto walifuta miguu kwenye kizingiti wakaingia.

Alikufa kabla ya Uhuru, wakati wa mvua kubwa, kwa kifua. Ibada ilikuwa ndefu, kanisa lilijaa mpaka nje. Ilipokwisha nilimwendea mzee wa kanisa aliyeongoza wabebaji, nikamwomba baba atolewe kwa mlango mdogo. Alinitazama kwa huruma, akidhani ni uchungu unaonisemesha. "Ule ni mwembamba, mwalimu," aliniambia. "Jeneza halipiti." Nilijua. Nilikuwa nimeupima kwa mikono yangu asubuhi.

Wabebaji walikuja kutoka nje, vijana sita aliowafundisha yeye mwenyewe shule ya Jumapili, miguu yao imejaa matope. Mlangoni kila mmoja alisimama, akaifuta vizuri juu ya lile jiwe, kwa adabu, kama alivyowazoeza, ndipo wakaingia kumchukua.